Karani wa Mizani na Mikanda Iliyochuja

Karani hakumwamini mtu anayewahi kusalimia. Alisema mwenye haja ndiye huwahi salamu. Kwa hiyo mimi na yeye, majirani wa uzio mmoja pale Mpanda mjini, asubuhi nyingine tulikaa kimya tukisubiriana, mimi barazani kwenye cherehani yangu, yeye upande wa pili akipiga mswaki kwa kijiti, mpaka nichoke mimi. "Shikamoo, Mzee." Naye hapo hapo: "Marahaba. Unataka nini?"

Jina lake nalijua, ila silisemi. Hata yeye asingependa nilitaje, angetaka kwanza kujua nani ameuliza. Alikuwa karani wa mizani kwenye banda la tumbaku la chama cha msingi, na miaka yote niliyomfahamu mji mzima ulimwita Karani.

Mkono wake wa kulia ulikuwa na rangi ya ugoro mpaka kwenye kiwiko. Haukutoka kwa sabuni. Ni mkono uliokuwa ukiingia kwenye marobota ya tumbaku msimu hadi msimu, maana wakulima nao wana yao: majani mazuri huyapanga nje, ndani wanafutika mabua, mchanga, majani mabichi ili robota liwe zito. Mwaka mmoja alivuta jiwe la kusagia, zima! Akaliinua watu wote walione, akamuuliza mwenye robota kwa upole kabisa: "Na hili je, ulilikaushia juani au kwa moto?" Yule bwana alihama kijiji, sisemi uongo.

"Nje ni salamu," alikuwa akisema. "Ndani ndiyo habari."

Wakulima walimtukana, lakini hawakutaka mwingine. Sababu ni kwamba Karani aliishuku mizani yenyewe. Nilimshonea mimi mfuko wa turubai, akaujaza mchanga, nikamfungia mdomo kwa nyuzi mbili, na kila asubuhi kabla ya kupima tumbaku ya mtu alipima kwanza ule mchanga. Siku moja mizani ikasema mchanga umekonda. Wanunuzi wamefika na magari, wakulima wamepanga foleni, jua linapanda, Karani kagoma. "Mchanga hauugui," aliwaambia wale wakubwa usoni. "Mgonjwa ni huyu wenu." Ikabidi mizani irekebishwe. Jioni ile wakulima waliomtukana juzi yake walimpelekea jogoo, naye akamkagua yule jogoo chini ya mabawa kama hana kupe.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Redio ikitangaza mvua, alicheka. "Huyo anayesema yuko Dar. Mvua ya Mpanda kaionea wapi?" Ila saa ya hali ya hewa hakuikosa hata siku moja. Nilipomuuliza mbona anamsikiliza mtu asiyemwamini, alinishangaa. "Sasa nisipomsikiliza nitajuaje kama kadanganya?"

Akileta kitambaa nimshonee suruali, alisimama juu yangu mpaka nimalize kukata, akakusanya vipande vilivyobaki, hata vile vya kufutia miwani. Siku ya kuichukua aliigeuza ndani nje, akavuta kila mshono. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. Nikamjibu, "Basi vua, Mzee, nikuangalizie." Alinuna siku mbili, ya tatu akaleta kitambaa kingine.

Na bado huyo huyo aliniachia mimi ufunguo wa nyumba yake kila aliposafiri. Nilijiona mtu! Mpaka siku nilipoingia kumwagilia mchicha wake uani nikahisi kitu kimekatika mlangoni. Ulikuwa uzi, mweusi, ameufunga kutoka kitasa hadi msumari ili akirudi ajue kama mlango umefunguliwa. Kilichoniudhi zaidi, uzi wenyewe ni wangu, kauokota barazani kwangu! Niliufunga upya, fundo la cherehani hasa. Aliporudi alikuja moja kwa moja: "Hili fundo si langu." Nikamwambia, "Wala uzi si wako." Tulicheka wote wawili, nadhani ndiyo siku tuliyopatana.

Nilipougua malaria kali, wanangu wakiwa kwa bibi yao kijijini Kasokola, ni Karani aliyenipikia uji siku nne. Dawa alinipa mwenyewe, akaniambia nifungue mdomo, nyanyua ulimi, geuza shavu, ahakikishe nimemeza. Nilimchukia. Lakini nilipona, na tangu hapo mtu akimsema vibaya mbele yangu nilimrukia.

Nayasema haya mapema ili mjue kwamba nilimpenda. Nisije nikaonekana namsukumia yeye peke yake yale yaliyotokea.

Kaka yangu aliye Dar aliniletea televisheni kwa treni. Ilifika salama, imeviringishwa blanketi. Sasa miaka ile, mwanzoni mwa miaka ya tisini, televisheni Mpanda ilikuwa ni kioo tu. Hakuna kituo kilichofika kwetu, ukitaka picha sharti uwe na deki na mikanda ya video. Sinema tuliangalia kwenye vibanda, tumebanana, vijana wanavuta sigara. Mimi nilitaka kuangalia nyumbani kwangu, nimekunja miguu, na shoga zangu wamekaa mkekani. Nilishona sare za shule msimu mzima kwa ajili hiyo.

"Deki hutachagua wewe," alisema Karani. Hakuwahi kuona deki kwa karibu. Haikumsumbua. "Kitu ni kitu. Kina nje na kina ndani."

Tukaenda kwa Shija, kijana wa Kisukuma aliyekuwa na duka la vyombo vya umeme karibu na soko. Alikuwa na deki tatu, zimetumika, zimetoka Dar. Karani alivua koti. Alizigeuza tumbo juu moja baada ya nyingine, akaangalia miguu ya mpira kama imeliwa, akaangalia vichwa vya skrubu kama vimekwaruzwa na bisibisi. Akaingiza ncha ya leso nyeupe kwenye mdomo wa deki, akaitoa, akainusa. Akataka kila moja iwashwe iachwe mpaka ipate joto, kisha akawekea sikio. Shija aliniangalia mimi, akaniita mama kwa Kisukuma chao.

"Mayu, huyu mzee ananunua deki au anaoa?"

"Nyamaza," Karani akasema. "Hii ina kikohozi."

Ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko zote, mimi mwenyewe macho yalikuwa kwake. Nyuma ilikuwa na kijiti kidogo cha kusogeza, kushoto, katikati, kulia. Karani aliuliza ni cha nini. Shija akasema hicho ni cha mikanda ya nchi mbalimbali, ukileta mkanda wa huku unaweka hapa, ukileta wa kwingine unasogeza kule.

"Kwa hiyo inaweza yote?"

"Yote, Mzee."

"Anayesema anaweza yote hawezi hata moja. Kwanza kwa nini wakiweke nyuma? Kitu chema hukaa mbele." Akaisukuma pembeni.

Ya pili skrubu zake zilikuwa na mikwaruzo, kwa hiyo ilishafunguliwa, na aliyefungua alitoa nini? Tukarudi mara tatu katika wiki mbili, maana alitaka kuona kama Shija atabadilisha maneno. Shija hakubadilisha. Hilo nalo Karani hakulipenda, alisema kijana kakariri. Mwisho tukachukua ya tatu, isiyo na kijiti chochote nyuma, nyeusi, nzito. Uzito ndio uliomshawishi. Aliibeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Mikanda tulinunua kwa Zakaria.

Zakaria alikuwa Mrundi wa makazini, mmoja wa wale ambao wazazi wao walikimbilia kwetu zamani wakapewa mapori wakayafanya mashamba. Miaka ile walikuwa bado wakimbizi kwa karatasi, hata aliyezaliwa huku. Ili mtu atoke makazini ilibidi awe na kibali, kimeandikwa anakwenda wapi na anarudi lini. Zakaria chake alikiweka kwenye mfuko wa nailoni, kifuani, ndani ya shati. Alikuwa mpole, mwimbaji wa kwaya, anacheka na mdomo umefunikwa na kiganja. Alikwenda Karema ziwani juu ya lori la samaki, huko akapokea mikanda inayovuka ziwa kutoka ng'ambo, akaja kuiuza mjini.

Karani aliunusa mkanda wa kwanza. "Unanuka dagaa."

"Ndiyo, Mzee," Zakaria akasema. "Ilikaa na dagaa."

Jibu la kweli namna hiyo lilimchanganya Karani. Akachukua minne, lakini akatoa kisu akakwangua alama yake kwenye ubavu wa kila mmoja, mistari miwili na nukta, kama alivyoweka kwenye marobota. Makasha ya mikanda yalikuwa na picha za kupendeza. Kwenye moja alikuwapo bibi harusi mwenye gauni jekundu kaegemea gari la kijani, nikasema huo ndio tutaanza nao.

Jumapili hiyo baada ya misa umeme wa mji uliwaka mchana, bahati ilioje! Sebule ilijaa. Shoga zangu walikuja na vitenge vipya, Karani nilimpa kiti cha mbele kama mwenye kazi. Mkanda ukaingia, deki ikanguruma, picha ikatoka safi kabisa.

Nyeupe na nyeusi.

Gauni la bibi harusi lilikuwa la kijivu. Gari la kijivu. Tukadhani ni mwanzo tu, rangi zinakuja. Tukatoa, tukaweka wa pili, wa tatu, wa nne. Kijivu. Mkanda mmoja wa zamani wa Kihindi, wa kuazima, tulipoujaribu ulitoa rangi mpaka inauma macho. Basi ubaya haukuwa wa deki. Mtu mmoja nyuma akacheka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Karani alisimama. Alichukua ule mkanda, akafungua kile kifuniko chake, akautazama utepe kwenye mwanga wa dirisha kama anavyotazama jani.

"Imechujwa," akasema.

Akatufafanulia, na haki ya Mungu ilisikika kama akili. Jani la tumbaku likiloweshwa ili lipate uzito, kisha likaanikwa tena, hupoteza rangi. Wewe mwenye macho unaona jani, lakini jani lilishakwisha. Mikanda hii nayo imetolewa rangi. Mtu ana mkanda mmoja mzuri, anaukamua rangi anazihamishia kwenye mingine ya kuuza ghali, makapi anatuletea sisi, anayapitisha kwenye dagaa harufu iwe kubwa tusikague. Hakuna aliyebisha. Mimi ndiyo kabisa, nilikuwa na hasira ya msimu mzima wa sare.

Jumatatu tulimkuta Zakaria sokoni, tukampeleka kwa mtendaji wa kata. Alikuwa haelewi. "Rangi ziibwe vipi, Mzee?" aliuliza. "Mimi hata tivii sina." Karani akasema ndivyo wanavyosema. Mtendaji akataka kibali, Zakaria akakitoa kifuani, akakilaza mezani kwa mikono miwili. Mtendaji akakiweka kwenye droo. Hapo ndipo Zakaria alipobadilika sura.

"Naomba, mzee wangu. Mke wangu yuko hospitali hapa, kavunjika mguu, kafungwa plasta. Mimi ndiye nampelekea ugali. Nikirudishwa makazini bila kibali, nani atampelekea?"

Mtendaji alitutazama. Bado tungeweza kusema yaishe.

"Kila mwizi ana mke hospitali," Karani akasema.

Karatasi ya malalamiko ikaletwa. Karani akasaini kwa mwandiko wake ule wa kikarani, mkia mrefu. Akanisogezea kalamu. Nilimsikia Zakaria akipumua nyuma yangu. Nikasaini chini yake.

Kwa nini nilisaini? Nimejiuliza sana. Nilimwamini Karani, hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba yule alikuwa Mrundi, na Mrundi kusemwa mwizi kulikuwa rahisi. Hiyo nusu ya pili sikumwambia mtu kwa miaka.

Siku ya sita nilikwenda kwa Shija na ule mkanda wa bibi harusi, nia yangu nimuulize kama kuna dawa ya kurudisha rangi. Msicheke. Shija aliusoma ubavuni, akaguna, akaenda kwenye ile deki ya kwanza, yenye kijiti, ambayo bado hakuna aliyeinunua. Akaingiza mkanda. Kijivu. Akapeleka mkono nyuma, akasogeza kijiti.

Gauni likawa jekundu.

"Mayu, hii ni ya ng'ambo ya ziwa," alisema. "Kule wanafuata mtindo wa Kifaransa, rangi wanaziandika kivyao. Deki yako haijui kuzisoma. Tivii yako haina neno, deki ndiyo haisomi. Si niliwaambia habari ya kijiti?"

Nilitoka mbio kumfuata Karani bandani, nikamshika ule mkono wake wa ugoro, nikamburuta mbele za watu. Dukani alitazama gauni jekundu muda mrefu. Kisha akashuku, kama siku zote: "Umebadilisha mkanda."

"Toa uangalie," Shija akasema.

Akautoa. Akapapasa ubavu kwa kidole gumba. Mistari miwili na nukta. Alipapasa tena na tena. Akautazama mkanda, akaitazama deki, akakiangalia kile kijiti alichokikataa yeye mwenyewe.

"Mizani ilikuwa mbovu," alisema taratibu. "Na mizani ni mimi."

Akaenda kwa mtendaji kufuta maneno yake. Maneno yalifutwa, ila Zakaria alikwisharudishwa makazini, na kibali kipya kina safari yake. Mimi nilikwenda hospitali. Mkewe alikuwa kitanda cha dirishani, mwembamba, mguu umening'inizwa. Alikuwa ameshika bakuli lenye makombo ya wali aliyopewa na mgonjwa wa pembeni. Siku sita mwanamke yule aliomba chakula kitanda hadi kitanda, kwa sababu ya sahihi mbili.

Tulimlisha mpaka plasta ilipotolewa. Siku moja mimi, siku moja Karani na kapu lake. Alitudhania watu wa kanisa, akatubariki kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Hakutuuliza majina, na sisi hatukusema. Karani alikaa kwenye benchi akimtazama anavyokula mpaka tonge la mwisho. Zakaria alipopata kibali, cha kumchukua mkewe tu, alifika saa ambayo hatukuwapo. Mjini hakuonekana tena. Mikanda wakaanza kuileta wengine.

Ikapita miaka. Karani akastaafu, macho yakaingia ukungu. Siku moja mwishoni mwa hiyo miaka ya tisini nilikuwa nashona, nikasikia kutoka ng'ambo ya uzio: "Habari za asubuhi, mama." Nilishtuka nikajichoma sindano. Kaniwahi salamu!

"Unataka nini, Mzee?" nikamuuliza.

"Nipeleke makazini."

Kumbe hata mtu wa nje naye aliingia makazini kwa ruhusa. Tulishuka kwenye lori la mihogo, tukapelekwa ofisini, kijana mmoja akafungua daftari. Unakwenda kwa nani? Kufanya nini? Unatoka lini? Karani alisimama wima, koti limefungwa vifungo vyote, ananijibia na mimi.

"Sababu ya safari?"

"Kuomba msamaha."

Kijana alimtazama kwa mashaka. "Hiyo siyo sababu, Mzee. Nitaandika kutembelea."

Nyumba ya Zakaria ilikuwa mbele ya shamba la maharage. Mkewe ndiye aliyetuona kwanza. Alikuja mbio, anachechemea, akanikumbatia, akapiga kigelegele. "Zakaria! Njoo! Ndio hawa nilikuwa nakuhadithia, walionilisha hospitali!" Akaleta viti, akaleta maji, akamtuma jirani akamate kuku. Zakaria alitoka ndani anafuta mikono. Alimwona Karani, akaniona na mimi. Alisimama mlangoni bila kuvisogelea viti.

Mimi nilikuwa tayari nimeshikwa mikono, nimeitwa dada. Nilikaa.

Karani hakukaa. "Mama," alimwambia yule mwanamke, "usichinje kuku kwanza. Mimi ndiye niliyemwita mumeo mwizi. Ndiyo maana ulikosa chakula siku sita. Kile nilichokuletea kapuni hakikuwa sadaka."

Kigelegele kilikwisha. Yule mama alimtazama mumewe, Zakaria akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Kumbe miaka yote hakuwahi kumwambia mkewe ni kina nani waliomshtaki.

"Kwa nini hukuniuliza, Mzee?" Zakaria alisema. "Mimi ningekujibu. Hata kama sikujua habari ya rangi, ningekwambia sijui."

"Ungenijibu. Na jibu nisingeliamini." Karani alivua kofia. "Naomba unisamehe."

Kuku walikuwa wanachakura kwenye maharage na hakuna aliyewafukuza. Kisha Zakaria akashuka kibarazani, akampa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kama wanavyofanya wao kwa mkubwa.

"Nimekusamehe, Mzee. Kaa."

Kuku akachinjwa, tukala. Tuliaga jua lingali juu, tukashika njia ya kurudi ofisini kuonyesha kwamba tumetoka. Karani alinishika bega, anapapasa njia kwa fimbo. Tulikuwa hatujafika mbali.

"Unadhani kasema kweli?"

"Kasema kweli, Mzee."

"Umejuaje?"

"Nimemwangalia."

"Mimi siwezi kumwangalia. Mkono wake nimeushika vizuri, haukutetemeka." Alitembea hatua chache. "Lakini kuna jambo. Amesema nimekusamehe. Hakusema nimewasamehe."

Nilitazama vumbi.

"Karatasi ile ilikuwa na majina mawili," alisema. "Nilingoja useme. Nilipovua kofia nikasema sasa anasema. Tulipokula nikasema sasa. Wewe unatafuna kuku wa watu."

"Mzee, hapakuwa na nafasi..."

"Aa! Mama, mimi nimepima watu maisha yangu yote." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mimi nilimshuku kwa sababu namshuku kila mtu. Wewe ulimshuku yeye tu."

Nilianza kulia palepale njiani, mtu mzima mimi, na mwanamke aliyepita na mzigo wa kuni akanipa pole akidhani tumefiwa. Karani alisubiri nimalize. Akaondoa mkono begani kwangu, akapiga fimbo chini, akasimama.

"Rudi," alisema. "Mimi nakaa hapa."

"Nitakuacha vipi njiani, Mzee, na macho hayo?"

"Nenda. Nasimama hapa hapa nikuone ukiingia."

Alikuwa haoni hata fimbo yake. Nilirudi kwa Zakaria nikikimbia, na kila nilipogeuka nyuma, Karani alikuwa amesimama katikati ya njia, uso ameuelekeza kwangu, ananihakiki.